Tanipu za Baba Mkubwa Arvid

Bonde la Kickapoo, Wisconsin
8 Mei 2011

Baba Mkubwa Arvid mpendwa,

Pokea salamu kutoka jikoni kwa mama, ambako sasa mimi ndiye ninayegombana na lile jiko la kuni. Sote wazima. Mama amehamia La Crosse kwa dada yake. Goti limepona, anacheza karata kila jioni na kuiba kama zamani. Theluji imeisha, imebaki kidogo tu nyuma ya ghala, nyeusi kama soksi ya mkulima.

Nami nimeolewa, Baba Mkubwa! Najua unajua, kadi yako ilifika, lakini niache niandike tena, kwa sababu kila nikiandika moyo unaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Mume wangu ni Ruben Kaczmarek, mwoka mikate wa Milwaukee. Ana unga kwenye nyusi hata Jumapili. Akiamka hunibusu kipaji cha uso kwanza, ndipo atafute miwani yake. Hajawahi kushika bunduki, lakini usimcheke, nitamfundisha kama baba alivyonifundisha mimi.

Kanisani tuliacha viti viwili wazi, cha baba na chako. Cha baba nilikizoea kabla hata sijaingia mlangoni. Chako nilikitazama mara nyingi kuliko bibi harusi anavyopaswa. Sikulaumu. Arizona ni mbali, na najua tangu siku ile ya Machi tulipokupigia kukuambia ndugu yako amefariki hujainua simu tena. Ndiyo maana naandika.

Sasa neno lenyewe. Binti yako, dada Karin, ameniambia daktari alivyosema kuhusu macho yako, kwamba hayatafika Novemba nyingine baada ya hii inayokuja. Nililia, kisha Ruben akaniuliza, "Mpenzi, mzee anapenda nini kuliko vyote?" Nikasema, kukaa ndani ya kile kibanda alichojenga na baba, asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Akasema, "Basi si aje?"

Njoo, Baba Mkubwa. Uje uchukue kulungu wako wa mwisho ukiwa unamwona. Kibanda kiko chini, hakuna ngazi, na mlango wake bado unalia vilevile. Tangu baba aondoke hajakaa mtu humo. Mimi na Ruben tutalima kile kipande kilicho mbele yake na kuwapandia kulungu chakula kizuri, ili usilazimike kuwafuata msituni kwa miguu yako. Waje wenyewe mezani. Nielekeze tu tupande nini.

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi,
Solveig


Arizona
29 Mei

Solveig mwanangu,

Salamu. Huku joto limeanza, mijusi wanatembea kwa vidole. Jirani yangu Bi Lupe ananiletea tamale zake za unga wa mahindi kila Ijumaa na kuniuliza kwa nini sijaoa tena. Namwambia nasubiri ajifunze kupika samaki. Mgongo wangu mzuri. Macho mazuri pia. Karin anapenda kupiga kengele kabla moto haujawaka.

Kanisani nilipaswa kuja. Nilinunua na tai.

Kuhusu kibanda, nitakuja. Nimekaa na barua yako wiki nzima kabla ya kuandika neno hilo, basi usinilazimishe kuliandika mara mbili.

Sikiliza. Udongo wa pale una uchachu, mialoni imeudondoshea majani tangu enzi za babu. Mwaga chokaa kwanza, nyingi, uichanganye na udongo kwa haro, lile jembe la meno la trekta. Nusu ya kipande panda klova, yale majani ya malisho, sasa hivi. Nusu nyingine iache ipumzike hadi Agosti, kisha panda tanipu, ile mizizi minene ya jamii ya figili, mvua ikikaribia. Kulungu hawagusi tanipu wakati wa joto, majani yake ni machungu. Sakitu ya kwanza ikishayagandisha, yanageuka matamu, na hapo watayala hadi waanze kuchimba viazi vyake kwa kwato.

Sasa kanuni, na hii ni ya baba yako vilevile. Ukishapanda, toka. Usirudi kutazama. Usirudi kupalilia. Shamba la kulungu si bustani. Akikunusa mara moja atakusamehe. Akikunusa kila siku hatahama, atabadili saa tu: mchana atalala, na chakula chako atakila gizani, wakati wewe umevua buti na bunduki iko kabatini.

Nami nawataka waje jua likiwa bado juu ya kilima. Usiniulize sababu. Mzee ana mapendeleo yake.

Msalimie huyo Bwana Mkate. Mwambie bunduki si donge la unga, haipigwi makofi.

Baba yako mkubwa,
Arvid


Bonde la Kickapoo
3 Julai

Baba Mkubwa wa moyo wangu,

Ulisema utakuja! Niliibandika barua yako juu ya sinki na kuisoma kila nikiosha vyombo. Mama anakusalimu, anasema ulete sweta, umesahau baridi ni nini. Paka wa ghalani amezaa tena. Dada Karin ameniandikia kwamba tiketi ataishughulikia yeye.

Chokaa tumemwaga. Laiti ungemwona Ruben! Upepo uligeuka, akatoka kwenye lile wingu jeupe utosini hadi viatuni, amesimama ameshika koleo, ananiambia, "Mke wangu, hatimaye najisikia niko kazini." Kisha akachukua udongo kidogo, akauweka ulimini, akatema. "Unahitaji chumvi," alisema. Nilicheka nikaangukia gurudumu la trekta. Trekta ni ile ile ya baba. Inawaka ikitaka.

Mbegu nilinunua kwa Duane Everson, bado anauza chakula cha mifugo pale njia panda. Akaniangalia nilivyoshikana mikono na Ruben mbele ya magunia.

"Bibi harusi," akasema, "mbegu hizi ni za kulungu au za fungate?"

"Za Baba Mkubwa Arvid," nikamwambia. "Anarudi Novemba."

Akaweka mizani chini, Duane ambaye mdomo wake haufungwi hata kanisani. Kisha akasema, "Mwambie Arvid mkasi wangu umenolewa. Akikosa shabaha, mkia wa shati lake tutaukata na kuupigilia msumari ukutani, kama tulivyofanya mwaka ule." Akaongeza kigunia cha klova bila kukipima.

Klova imeota, Baba Mkubwa! Laini, kijani, kama zulia la malkia. Tulikwenda kuitazama mara moja tu, jua likizama, na blanketi na mkate wa Ruben wenye mbegu za shamari. Wakatoka kulungu jike wawili na watoto wao wenye madoa. Ruben alinishika mkono hadi ukafa ganzi. Alininong'oneza, "Sikujua dunia inafanya hivi kila siku bila kutuambia." Mtu wa namna hiyo utamnyima jioni moja?

Wako,
Solveig


Arizona
24 Julai

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Bi Lupe amenipa paka, sikumwomba. Nimemwita Duane, kwa sababu ya mdomo.

Umeandika "mara moja tu." Mara moja yako ina miguu mingapi?

Najua blanketi na mkate vina nguvu gani. Nimewahi kuwa na miaka ishirini na kitu. Lakini yapo malisho mengine bondeni, kaeni huko. Pale mbele ya kibanda pasitiwe mguu.

Tanipu, wiki ya kwanza ya Agosti. Mbegu zake ni ndogo kama baruti, usizizike, zirushe juu tu na mvua izikandamize. Kisha ondokeni. Mkitaka kujua wanaokuja, fungeni kamera kwenye mti, mwende mara moja kwa mwezi, saa sita mchana, na buti za mpira.

Waje jua likiwa juu. Nakukumbusha.

Arvid


Bonde la Kickapoo
18 Septemba

Baba Mkubwa mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Ruben amepata nafasi kwenye duka la mikate la Viroqua, anaondoka alfajiri, na mimi nimekuwa nikifunga tufaha kwenye chupa hadi vidole vimekuwa vya kahawia. Mama anakuja Jumapili kutazama mpira wa Kimarekani nasi na kulaani waamuzi. Majani ya miti ya mepo yameanza kuwaka nyekundu upande wa kilima, na nikiitazama nasema moyoni, haya ayaone Baba Mkubwa. Novemba itakuwa imeshapukutika. Nasikitika kwa hilo.

Maandishi yako yamekuwa makubwa! Mstari wa mwisho ulipanda mlima hadi ukatoka nje ya karatasi. Ruben anasema hayo ni maandishi ya mtu mwenye furaha. Nilipenda alivyosema.

Tanipu, oh, tanipu! Tulizirusha siku ile mawingu yalipokuwa meusi juu ya ghala, mimi upande huu, Ruben upande ule, tukakutana katikati mvua ilipoanza. Sitasema tulifanya nini katikati. Sasa majani yamefika magotini, mapana kama masikio ya tembo wa sarakasi, na chini viazi vinachungulia, juu zambarau, chini vyeupe. Nimezisemesha. Nimeziambia wewe ni nani.

Tumefunga kamera kama ulivyosema. Kibanda nimekifagia, nikapata chini ya benchi kopo la kahawa la baba, lina karanga tatu na risasi iliyopata kutu. Nililiacha mahali pake.

Kuhusu lile uliloniuliza, la miguu, usijali kitu. Kulungu wanakuja.

Wako daima,
Solveig


Arizona
9 Oktoba

Solveig,

Barua hii anaiandika Bi Lupe. Nimeteguka kifundo cha mkono nikimfukuza paka. Si kitu.

Salamu zote. Tiketi ninayo. Nafika La Crosse Alhamisi kabla ya ufunguzi wa msimu, naondoka Jumanne. Koti langu la kuwindia la rangi ya machungwa panya wamelila, nitavaa la baba yako kama mama yako hatajali.

Ulisema kulungu wanakuja. Sikuuliza kama wanakuja. Wanakuja saa ngapi?

Arvid

(Mimi Lupe naongeza: anafanya mazoezi ya kulenga shabaha uani kwa fimbo ya ufagio. Mchana tu. Ameniambia nisiandike.)


Bonde la Kickapoo
30 Oktoba

Baba Mkubwa,

Pole sana kwa mkono! Mshukuru Bi Lupe, hati yake ni nzuri kama ya mwalimu. Koti la baba lipo, nimeliosha kwa sabuni isiyo na harufu na kulianika nje siku tatu. Mama alilishika kidogo kabla ya kuniachia, akasema, "Arvid litamkaa mabegani. Wote wawili walikuwa na mabega mapana kama mlango."

Sakitu imepiga mara mbili. Asubuhi tanipu zote zilikuwa zimevaa sukari. Kamera imepata wengi, Baba Mkubwa, wengi! Na dume mmoja, shingo nene kama gogo, pembe zake zimeingia kwenye picha kabla ya kichwa. Picha zenyewe ni nyeusi kidogo, lakini anaonekana.

Nimepika lefse, zile chapati za viazi, nikazigandisha, ziko tayari zinakungoja. Chumba chako ni kile kinachopata jua. Ruben amejifunza kufungua na kufunga bunduki huku amefumba macho, nami nimemwambia hakuna atakayemtaka afanye hivyo lakini anajivunia mno, sikuweza kumzuia.

Nimefikiria kukuandikia jambo fulani, kisha nikaona tutaongea ukifika. Safari njema. Ninahesabu usingizi uliobaki kama mtoto.

Solveig


Bonde la Kickapoo
4 Desemba

Baba Mkubwa Arvid mpendwa,

Natumaini ulifika salama na Duane paka hakukusahau. Sisi wazima. Mama amepata mafua. Theluji imefika dirishani kwenye ghala. Ruben anakusalimu, anasema ulipomwita "mwanangu" pale uwanja wa ndege alikwenda kukaa ndani ya gari kidogo, kisha akarudi kubeba sanduku.

Hatukuongea, wewe na mimi. Siku zote zile tulikaa bega kwa bega kwenye benchi la baba, na nilichosema ni "unataka kahawa?" na "funga kola." Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichoma.

Jumamosi ile ya kwanza ilikuwa ya kupakwa rangi. Jua lilitoka likaangukia theluji, nawe ulikaa umeweka bunduki magotini kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. Ulinionyesha uzio, ukanionyesha kigogota kwenye mwaloni uliokauka. Nikasema moyoni, dada Karin alikuza mambo, mzee anaona! Kutwa nzima jua lilikuwa juu ya kilima kama ulivyotaka. Kutwa nzima hakutokea hata mmoja. Milio ya bunduki ilitoka kwa jirani, ikatoka upande wa mto, na kila ikitoka ulitabasamu na kusema, "Huyo mmoja amekula." Mbele yetu tanipu zilikuwa zimechimbwa mpya, nyayo juu ya nyayo, samadi mbichi. Wewe ulizitazama, ukanitazama. Hukuuliza. Afadhali ungeuliza.

Jumapili vilevile. Jioni tulipokwenda kula kwa Duane, aliinua mkasi mbele ya watu wote.

"Arvid, leta shati!"

"Sijafyatua risasi, nitakatwaje?"

"Basi umekuja kuwinda au kulinda tanipu?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Nimeambiwa bado hujaoa."

Wakacheka hadi glasi zikagongana, nawe ulicheka kuliko wote. Lakini ulipotaka kuketi ulipapasa kiti kwa mkono kabla ya kukalia, kwa sababu pale kwa Duane taa ni hafifu. Ruben aliona. Njiani alinong'ona, "Mpenzi, mwanga ukipungua mzee haoni." Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia hivyo mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Kwa sababu nilikuwa nimeshajua, Baba Mkubwa. Sikujua kwamba macho yako hayaoni mwanga ukipungua, nilijua kuhusu kulungu. Ile "mara moja tu" ilikuwa kila jioni. Juni yote, Julai yote, tukivaa masweta Septemba yote. Blanketi letu liliacha umbo lake pale kwenye klova hadi theluji ilipolifunika. Tulikwenda kwa sababu palikuwa pazuri, na kwa sababu Ruben alikuwa akitoka kazini amechoka na pale uso wake ulifunguka. Mwanzoni kulungu walitoka jua likiwa bado juu. Halafu wakawa wanatoka likizama. Halafu tukawa tunakaa sisi wawili tu na zile tanipu, na hatukujali, tulikuwa na mengi ya kusemezana. Oktoba nilipotoa kadi ya kamera nikakuta picha zote ni za giza. Usiku tupu, macho yanang'aa. Siku ile ndipo tulipoacha kwenda. Nilijiambia wiki hizi chache zitatosha, harufu itapotea, watarudi mchana. Nikakuandikia kwamba picha ni "nyeusi kidogo."

Nilidhani nakunyima urahisi tu. Nilidhani utangoja kidogo zaidi jioni, basi. Hukuniambia kwamba jua likizama huoni kitu. Silaumu. Nasema tu kwamba ningejua, hata Ruben angenipigia magoti nisingekanyaga pale.

Na Jumatatu. Lazima niandike Jumatatu, sivyo?

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya kilima, bado zilikuwepo dakika chache ambazo sheria inaruhusu kufyatua, theluji imekuwa ya buluu. Akatoka. Yule yule, shingo ya gogo. Alikuja moja kwa moja kati ya klova na tanipu, hatua chache tu, hata bila kunusa upepo. Nikakugusa.

"Kushoto, Baba Mkubwa. Mbele ya jiwe."

"Wapi?"

"Pale pale. Ameinamisha kichwa."

Ukainua bunduki vizuri, polepole, kama baba. Ukaingoja ikae begani. Ukangoja. Pumzi yako ilikuwa ikitoka nyeupe.

"Solveig," ukasema, "mimi naona theluji tu."

Mimi nilimwona kila unywele. Ningeweza kuichukua bunduki na kupiga mwenyewe, na ungeniruhusu, najua. Sikutaka kulungu. Nikasema, "Ameondoka." Ukafunga kufuli ya usalama ya bunduki, ukaiweka chini, tukatoka.

Hiyo ndiyo habari yangu yote. Mwakani sitagusa pale hata kwa kidole, nakuapia. Tutapanda mapema zaidi, tutakaa mbali, watakuja saa sita mchana wakifuatana kama watoto wa shule. Na labda daktari amekosea. Madaktari hukosea. Utakuja, Baba Mkubwa?

Solveig


Arizona
20 Desemba

Solveig mwanangu,

Salamu za Krismasi kwako, kwa mama yako na kwa Bwana Mkate. Mwandishi ni Bi Lupe, na mkono wangu haujateguka, haukuwahi kuteguka. Amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya pili alikataa kusoma ile sehemu ya Jumatatu, akasema nimwambie nilichokumbuka. Sasa ananiambia niache kutunga maneno ya kumchekesha, niseme.

Nasema. Majani ya mepo ningependa kuyaona, uliandika vizuri. Ile bunduki niliyoiacha kwenye kabati la baba yako usinitumie. Mpe Ruben, na umfundishe akiwa amefumbua macho.

Nilipokuandikia waje jua likiwa juu, ningeandika na sababu. Ilikuwa sentensi moja. Nilikuwa nayo mezani tangu Mei. Lakini mtu akiandika "mwanga ukipungua sioni," kesho yake anakuja binti na kumnyang'anya ufunguo wa gari, keshokutwa wanamnyang'anya jiko. Na wewe ulikuwa na furaha mno, sikutaka niwe mzee kipofu ndani ya barua zako. Nilitaka niwe Arvid. Kwa hiyo jioni zile mlizokaa pale hamkuniibia peke yenu. Mlango niliuacha wazi mimi.

Na sina hakika ningewazuia. Baba yako na mama yako waliharibu malisho ya mtoni mwaka waliooana, kwa njia hiyo hiyo. Tulikula maharage majira yote ya baridi, hakuna aliyewasema.

Mwakani, pandeni. Pandeni klova na tanipu, mkae nje au mkae ndani, ni shamba lenu. Mimi sitakuja. Daktari hakukosea, ila amekosea mwezi: sasa hivi hata saa sita mchana Bi Lupe ni sauti na harufu ya mahindi. Usiniandikie tena kwamba nitakuja.

Limebaki moja tu. Ulisema ameondoka. Nami nilikubali, nikaweka bunduki chini, kwa sababu ulisema kwa upole. Lakini tanipu iliyoganda ina sauti, mwanangu, na masikio yangu hayajawahi kuwa na ugonjwa. Alikuwa bado pale. Nilimsikia akiing'oa, nikamsikia akitafuna, karibu kiasi kwamba nilisikia meno yakibadilisha upande. Mimi na wewe hatukutoka mara moja kama ulivyoandika. Tulikaa. Ulinishika mkono wa koti la baba yako, mimi nikamsikiliza anavyokula, na sijawahi kumngoja kulungu kwa furaha namna ile, wala kwa majuto namna ile.

Aliondoka ulipoanza kulia.

Baba yako mkubwa,
Arvid